Poda Iliyonuka Pareto

Asubuhi ile sitaisahau, mwanangu, hata nikizeeka meno yakang'oka yote. Nilikuwa kwenye foleni ya bomba pale Bondeni, mjini Nakuru, debe langu la nne kutoka mbele, wewe nimekubeba mgongoni. Ulikuwa na miezi tisa. Upepo wa kiangazi ulikuwa umeanza mapema, ule unaobeba vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani na kulitia machoni, kwenye chai na kwenye uji. Zakaria alikuwa ameweka meza yake kando ya bomba kama kawaida yake. Alijua kwamba mwanamke anayengoja maji hana pa kukimbilia.

Zakaria aliuza poda ya uso. Aliitia kwenye vikopo vya rangi ya viatu alivyovisugua na jivu mpaka vikang'aa, na juu akabandika karatasi aliyoichora waridi. Wanawake walimwita Daktari wa Uso. Alilipenda jina hilo kiasi kwamba ukimwita Zakaria alikuwa hageuki.

"Mama Chebet!" akaniita siku hiyo. "Leo utanunua, ama utaendelea kututisha na huo uso wa shamba?"

Foleni nzima ikacheka. Nikanyamaza. Nilikuwa nimenyamaza wiki tatu, na sababu nitakueleza, ingawa inaniaibisha.

"Basi tumpake mtoto," akasema. "Nyumba isikose mrembo hata mmoja."

Kabla sijageuka alikuwa amekwisha kupitisha pamba yake usoni mwako. Mashavu yote mawili, paji la uso, na jicho la kushoto. Ukapiga chafya. Halafu ukalia kilio ambacho sikuwahi kukusikia ukilia, na ile harufu ikanifikia puani: nyasi kavu, dawa, na manukato ya bei rahisi yaliyowekwa juu ili kuificha.

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokwisha. Niliishika ile meza nikaipindua. Vikopo vikatawanyika, poda ikapaa na upepo, na nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu siku moja utajua kusoma. Sikumpiga. Nalisema hili wazi kwa sababu kuna watu mpaka leo wanasimulia kwamba nilimpiga.

Sasa nikueleze niliijuaje harufu ile.

Baba yangu alikuwa mkamuaji wa ng'ombe kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Molo. Mimi nilikuwa bweni kwa wamisheni, na kila likizo nilirudi shambani kuchuma pareto pamoja na mama. Maua yale unayaona meupe na kitovu cha njano, mazuri kabisa ukiwa mbali. Tuliyachuma vichwa, tukayajaza kwenye vikapu, tukayapeleka kwenye stoo ya kukaushia. Huko yalianikwa juu ya vitanda vya waya, moto ukipita chini, na unga wake ukadondoka sakafuni. Msimamizi wa stoo ile alikuwa kijana mmoja mchangamfu, mwenye kupenda mzaha. Jina lake Zakaria. Ndiyo, huyu huyu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne na akili ya kuku. Mpiga picha alikuwa anakuja misheni kutupiga picha sisi wasichana tuliofaulu, na mimi nilitaka mashavu kama ya yule mwanamke aliyechorwa kwenye kopo la poda la memsahibu, mke wa yule mzungu. Poda yenyewe sikuweza kuipata. Kwa hiyo nilikwenda stoo nikaomba unga uliodondoka chini ya vitanda.

"Wa nini?" Zakaria akauliza.

"Wa uso."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Lakini alinipa, unga wa kujaa mkono. Nikauchanganya na ule udongo mweupe wa kupaka nyumba, nikajipaka. Ukaanza kuniwasha na kunichomachoma, nami nikajiambia, ah, urembo ndio unaingia.

Na sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo ujinga wetu wote unapolala. Siku ya kwanza nilipendeza. Mashavu yalivimba kidogo, ngozi ikavutika, ikang'aa. Wasichana wenzangu walinizunguka: "Tabitha, umepaka nini? Mbona uso umejaa hivyo?" Nikainua shingo nikasema ni siri. Hata Zakaria alitoka stoo kuniangalia, akanizunguka mara mbili kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. Siku ya tatu macho hayakufunguka na ngozi ilikuwa inatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Zakaria alikuja akaniona hivyo, na picha ilipigwa bila mimi.

Kogo wangu, mama yake baba, alinikuta nimejifunika blanketi mchana wa jua kali. Akalivuta. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nafuu.

"Haya maua mzungu anayauza ya kufanyia nini?" akauliza.

"Ya kuulia wadudu, Kogo."

"Na wewe ni mdudu?"

Akaniosha kwa maji baridi, tena na tena, bila kunisugua, na akanikataza kupaka chochote mpaka ngozi itulie yenyewe. Kila asubuhi alinishika kidevu akanikagua, akasema "bado," akaenda zake. Uso ulipopona, akanifundisha mambo ambayo nayafanya mpaka leo na ambayo nitakufundisha wewe.

Lakini siri ile sikumwambia mtu mwingine. Niliona aibu. Nikarudi shule, nikafika Fomu ya Pili, nikaolewa, nikaja Bondeni. Miaka imepita, na siku moja namwona Zakaria anaweka meza kando ya bomba letu. Nikawaona wasichana nyuso zimevimba, zinang'aa, wanasifiwa. Nilishuku siku ile ile. Na nilinyamaza kwa sababu yule mtu alikuwa anajua nani alianza. Kila nilipopita alinikonyeza. Wiki tatu, mwanangu! Wiki tatu mama yako alilinda aibu yake, akaacha nyuso za wenzake ziungue. Hasira niliyo nayo juu ya Zakaria ni kubwa. Ile niliyo nayo juu yangu mwenyewe ni kubwa zaidi.

Basi meza ilipoanguka, naye alijua pa kunichoma.

"Huyu ndiye mwalimu wangu!" akapiga kelele. "Muulizeni! Muulizeni nani wa kwanza kupaka uso unga wa pareto huko Molo! Leo ananivunjia biashara kwa sababu amekuwa mama mstaarabu!"

Watu wote wakanigeukia. Wewe ulikuwa unalia, na jicho lako la kushoto lilikuwa limeanza kufumba. Nikasema, "Ndiyo. Ni mimi. Na uso wangu ulichubuka kwa wiki mbili, na yeye aliniona nikichubuka. Alijua tangu siku hiyo. Na bado ameweka kwenye kopo akawauzia."

Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika nje ya debe la mtu na hakuna aliyeyafunga. Halafu Rael, yule msichana wa nyumba ya pili kutoka kwetu aliyekuwa amebakiza majuma mawili aolewe, akaishika ncha ya kitambaa chake cha kichwa, kile alichokuwa akikivuta mpaka mashavuni kila siku tukidhani ni haya ya bibi arusi. Akakivua. Shavu lake la kulia lilikuwa limechubuka, nyama ya ndani inaonekana nyekundu.

"Aliniambia niongeze," akasema. "Nilipomwonyesha, alisema ngozi mbaya ndiyo inayotoka. Nikaongeza."

"Hata mimi aliniambia hivyo," akasema mwingine.

"Na mimi."

Kumbe kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake. Kila mmoja aliona kwamba ni kwake tu poda imekataa, akapaka zaidi ili wengine wasione. Zakaria alipoona vitambaa vinavuliwa kimoja baada ya kingine, aliokota vikopo alivyoweza na kuondoka haraka kupita nyuma ya vibanda. Viwili vilibaki kwenye matope. Nikavitia kwenye kanga, na wanawake saba wakaniahidi wataonyesha nyuso zao nikiwahitaji.

Nilikupeleka dispensari. Dresa, yule msaidizi wa daktari, akakuosha jicho kwa muda mrefu, akasema nimeharakisha kuja na hilo ndilo limekuokoa. Kisha nikaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya afya ya mji, wewe mgongoni na kitambaa cheupe jichoni. Karani aliyekuwa mlangoni hakuinua kichwa.

"Mambo ya kujipodoa si ya ofisi hii, mama. Nitaandika ugomvi wa wanawake bombani."

"Hujaniuliza kilichotokea."

"Wanawake wakitaka kuwa weupe, serikali ifanye nini?"

"Nipe karatasi," nikamwambia.

Ndipo akainua kichwa. "Unajua kuandika?"

Mwanangu, siku hiyo watu wengi walinitia hasira, lakini yule karani nusura anitoe machozi. Nikavuta kiti ambacho sikupewa, nikakaa, nikachukua kalamu yake mwenyewe kutoka mkononi mwake.

Sasa unatembea. Jicho limepona, ila ukilia linakuwa jekundu kabla ya lile la pili, na kila nikiliona naichukia upya poda ile. Ndiyo maana nakuandikia haya kabla hujafika umri wa kudanganywa.

Mimi sikukatazi kujipamba. Wako watakaokukataza, wakuambie ni dhambi ama ni uzungu, na hao ndio wanaokupeleka kwa akina Zakaria, kwa sababu ukikatazwa nyumbani utajificha, na anayejificha hana wa kumwuliza. Jipambe, mchana kweupe, mbele yangu. Ukitoka nje na upepo huu wa magadi, usifute uso kwa kitambaa kikavu. Vumbi lile linakwaruza. Mwagia maji kwanza, kisha nawa taratibu, kisha kausha kwa kugusagusa. Mafuta ya mbarika yachukue machache sana, yapashe kati ya viganja mpaka yasikie joto lako, upake wakati ngozi bado ina unyevu. Kogo alisema uso ukishika mafuta mpaka nzi anateleza, umezidisha. Meno yako sugua kwa mswaki wa kijiti kila asubuhi, hata siku ambayo huna safari. Nyusi zikikosa rangi, chukua masizi kidogo ya taa, yachanganye na tone la mafuta, uyapitishe kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, mkono mwepesi. Midomo iguse kwa mafuta yaliyobaki kidoleni. Nywele zichane zikiwa na maji, na mwenye kukusuka asikuvute mpaka macho yapande. Maumivu si dalili kwamba unapendeza. Na jioni uoshe yote. Usiende kitandani na uso uliopakwa.

Poda pia paka, ukipenda, ukijua imetoka wapi na aliyeitengeneza yuko wapi ukimtafuta. Hata ukijua, anza ndani ya mkono, karibu na kiwiko, ungoje siku mbili. Ikiwasha, itupe. Atakayekuambia kuwasha ni kazi inafanyika, mwangalie vizuri huyo, umkumbuke sura.

Na ukikosea, kwa sababu utakosea, njoo uniambie siku hiyo hiyo. Nitapiga kelele, mimi si kama Kogo. Nikimaliza kelele nitachota maji.

Mungu akulindie ngozi yako aliyokupa na macho yako yote mawili. Akupe kioo kisichokutukana, wenzako watakaokuvulia kitambaa ukiwavulia chako, na mdomo usiongoja wiki tatu. Amina.

Na hii ndiyo barua niliyoiacha mezani kwa yule karani. Nilinakili kila neno.

*Kwa Bwana Afisa wa Afya, Nakuru.*

*Bwana,*

*Naleta malalamiko juu ya mtu aitwaye Zakaria, auzaye poda ya uso karibu na bomba la maji la Bondeni. Poda hiyo imechanganywa unga wa pareto, ambao ni dawa ya kuulia wadudu. Leo asubuhi alimpaka binti yangu wa miezi tisa bila ruhusa yangu, na jicho la mtoto limefumba. Wanawake saba wamechubuka nyuso. Majina yao yako nyuma ya karatasi hii, nao wamekubali kuonyesha.*

*Naambatanisha vikopo viwili. Tafadhali usivinuse kwa karibu.*

*Naomba poda hii ipimwe, vikopo vilivyobaki vichukuliwe, na mtu huyu azuiwe kuuza, Bondeni, Lanet nje ya mji, na popote atakapohamishia meza yake.*

*Najua ni pareto kwa sababu mimi ndiye niliyeipaka usoni kwanza, kwa ujinga, nikiwa msichana wa miaka kumi na minne, na Zakaria alijifunza kwangu. Kosa langu nimeliandika hapa kwa mkono wangu. Naomba na lake liandikwe.*

*Karani wako ameniambia huu ni ugomvi wa wanawake bombani. Nimekaa kwenye benchi nje ya mlango wako pamoja na mtoto. Ukitoka, mwangalie usoni, kisha uniambie ni ugomvi wa nani.*

*Ni mimi,*
*Tabitha, mama yake Chebet.*