Mfuko Usiongojwa na Mtu

Ramadhani moja ya mwishoni mwa miaka ya sitini haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, nasoma uchumi, na nyumba yetu ya mtaa wa Kuze ilikuwa imenichoka kabla wiki haijaisha.

Mlango wa pili alikaa Bi Rukia, mjane aliyeishi kwa kushona kofia. Kila jioni ya Ramadhani mama yangu, Bi Zena, alimpelekea futari katika bakuli la bati lenye maua mekundu, na kesho yake bakuli lilirudi na kitu ndani: kaimati, ndimu, siku nyingine maua ya asumini tu. Kumrudishia jirani bakuli tupu ilikuwa aibu ambayo hakuna aliyetaka kuonekana nayo mtaani.

Mwaka ule mama aliona macho ya Bi Rukia yamefifia na kofia hazishonwi tena. Akamwonea huruma. Alikuwa amepewa fungu la mifuko ya nailoni kwenye duka la nguo, kitu kigeni wakati ule, chepesi, cha kung'aa. Akaamua kumtilia mahamri na sambusa humo, ili yule bibi asihangaike kutafuta cha kurudisha. Mimi nikamuunga mkono kwa hotuba ndefu juu ya maendeleo. Mama alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Siku chache baadaye tukaiona mifuko yetu imeoshwa, imeanikwa kwenye kamba mbele ya mlango wa Bi Rukia, kila mpita njia aione. Jioni nilibisha na mfuko mwingine. Hakuupokea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Bakuli la mamako limetoboka?"

"La, bibi, lipo."

"Basi mnachelea nitaliiba."

"Hasha, bibi. Huu ni mfuko tu. Ukimaliza unautupa."

"Ninautupa." Akanitazama. "Weye msomi, niambie. Chombo cha kutupa hupelekewa jirani, au hupewa maskini mlangoni? Kamuulize Bi Zena nimeanza lini kuwa maskini wake."

Akafunga mlango. Kwa nilivyojua, ndani hakuwa na cha kufuturia ila tende na maji.

Nilidhani mama atakasirika. Badala yake alilitoa lile bakuli kabatini, tupu. "Nenda kamwambie ndimu zimetuishia." Ndimu zilijaa kikapu kizima, zimenunuliwa soko la Marikiti siku hiyohiyo. Nilifungua kinywa kusema hivyo, mama akanikata jicho, nikaenda.

Bi Rukia aliligeuza bakuli chini juu, kama anayetafuta hila.

"Mamako hana ndimu? Kikapu chake kimepita hapa asubuhi. Nimekiona kwa macho haya mnayoyasema yamefifia."

Chuoni hatukuwa tumefika hapo.

Akaingia ndani, akarudi na ndimu mbili zilizosinyaa, akazitia bakulini. "Muongo mkubwa, mamako," akasema, lakini sauti ilikuwa imelegea. "Mwambie futari nimeikubali. Ije na bakuli."

Nilikimbia. Adhana ilikuwa karibu.

Siku hizi nikialikwa kwenye semina za taka za mji, huonyeshwa mchoro wa mishale inayozunguka: chupa ya plastiki yatoka kiwandani, yarudi kiwandani. Mishale mizuri, ya kijani. Mimi huuliza ule wa kurudi anaubeba nani, na kama hurudi kweli, mbona kule kwenye jaa la Kibarani plastiki ilirundikana mpaka ikaingia baharini? Hapo huletewa chai.

Mwanangu, nasaha yangu ni fupi. Ukipewa kitu, uliza nani anakingoja kirudi. Kama hayupo, kitilie shaka, hata kiking'aa namna gani. Nenda sokoni na kikapu chako. Chombo kinachoweza kutumika tena kirudishe kwa mwenyewe, na kitake kiwanda kinachotuletea plastiki kipokee makopo yake kama jirani anavyopokea sahani zake. Mfuko ule mama aliutoa kwa wema kabisa, na bado nusura utupotezee jirani.

Mungu akupe umri na afya, na akujaalie mtaa ambao watu wake watabisha mlangoni kwako kuulizia vyombo vyao.