Gari halitikisi keki, ila litachajiwa wapi?

Jua la Jumamosi limeshapanda, na Mama Krimu anavuka uwanja wa maegesho kwa mwendo wa mtu anayekwenda kugomba. Aproni bado iko kiunoni. Kwenye kidole gumba kuna krimu iliyokauka. Anasukuma mlango wa kinyozi bila kubisha.

“Nani mwenye gari jeupe lililochomekwa pale nje?”

Mwanamume wa kiti cha katikati, nusu ya kidevu imefunikwa povu, anainua mkono kidogo kama mwanafunzi asiye na uhakika wa jibu.

“Langu, dada. Linachaji.”

“Halichaji, kaka. Limeshashiba zamani, sasa linacheua tu. Mimi nina keki ya harusi kwenye gari na betri inakata roho.”

“Nimenyolewa upande mmoja tu, dada yangu. Niache nimalize.”

“Basi nipe funguo nilisogeze mwenyewe.”

Kinyozi anacheka mpaka anaweka wembe chini. Mwenye gari hacheki. Anatoka na taulo shingoni, nusu ndevu nusu shavu, anachomoa waya, anasogeza gari lake, kisha anarudi ndani akinung'unika kwamba siku hizi mtu hata kunyoa kwa raha hawezi.

Maegesho hayo yana mashine mbili za kuchajia magari ya umeme. Ya pili imevishwa mfuko wa plastiki na kufungwa kamba. Ukimuuliza mlinzi itatengenezwa lini, anakujibu, “Mimi nalinda tu, mama.”

Gari analoendesha Mama Krimu leo si lake. Ni la umeme, limeshatumika, na dalali amemwazima alijaribu kabla ya kutoa pesa. Dalali huyo anataka jibu kesho jioni. Kwenye kiti cha nyuma ameketi mama mkwe wake, amekumbatia sanduku lenye tabaka la chini la keki kama aliyempakata mjukuu mwenye homa.

“Umempata mwenye gari?”

“Nimempata, mama. Nusu yake.”

Mama Krimu ni jina alilopewa na majirani. Ana miaka thelathini na mbili na watoto wawili, mdogo akiwa na meno manne tu. Keki zake huzioka katika jiko la nyumba ya kupanga, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Alianza na keki za siku ya kuzaliwa za watoto wa jengo. Sasa hupata oda mbili za harusi kwa wiki, tatu wiki ikiwa njema. Mumewe ni dereva wa lori, na miezi lori lisipopata mzigo, nyumba husimama kwa mayai na unga.

Kuoka hakumsumbui. Kinachomnyima usingizi ni barabara.

Gari lake la zamani ni la petroli. Kiyoyozi kilikufa siku nyingi, na gia zinaingia kwa kishindo, kama mtu anayefunga mlango kwa hasira. Katika kila keki tatu anazouza, faida ya moja yote inaishia kwenye petroli na gereji. “Kuna wakati naona kama nampikia fundi,” anasema. “Angalau na yeye angekuwa anaonja.”

Mwezi uliopita tabaka la juu lilihama njiani. Alipofungua sanduku mlangoni mwa ukumbi, krimu ilikuwa imetelemka upande mmoja kama soksi iliyolegea.

“Bi harusi hakulia. Alinitazama tu, akaniuliza, ‘Ndiyo hii?’ Afadhali angenitukana.”

Alirudisha pesa yote. Bi harusi yule ana wadogo zake wawili ambao hawajaolewa, na Mama Krimu anajua kwamba hao wamekwenda na maji. Keki nyingine ikianguka, anasema, hata majirani wataanza kununua dukani.

Ndiyo maana alipoliona hili la umeme kwenye yadi ya dalali, moyo ulimruka. Hakuuliza mwaka wala rangi. Aliomba arudi kesho yake na bakuli la krimu iliyopigwa. Akaliweka kwenye kiti, akaendesha juu ya matuta yote ya mtaa ule, akafunga breki, akaondoka tena. Krimu ilikaa kimya kama mtoto aliyelala. Kiyoyozi kilipuliza hata gari liliposimama, bila ngurumo yoyote.

“Nilipenda,” anasema, kisha anatazama pembeni kama aliyesema jambo la aibu. “Nilipenda vibaya mno.”

Hapo ndipo adha ilipoanza, maana gari la umeme linataka kulishwa, na yeye anaishi juu, magari yanalala chini.

Kwanza alitaka kujua kama waya unaweza kushuka kutoka dirisha la jikoni hadi maegesho. Akachukua utepe wa kufungia masanduku ya keki, akafunga kijiko mwishoni ili uwe na uzito, akaanza kuuteremsha. Ulipofika ghorofa ya pili, mkono ulitoka dirishani ukaudaka.

“Asante, Mama Krimu!” sauti ya jirani ikapanda. “Na mimi nilidhani umeshasahau kwamba hiki kijiko ni changu.”

Utepe ukarudi juu mtupu.

Msimamizi wa jengo hakuwa na utani. “Mama, hapa hata nguo haziruhusiwi kuning'inia nje. Wewe unataka kuning'iniza umeme?” Alipoulizwa kuhusu soketi ya chini ya ngazi, alisema hiyo ni ya pampu ya maji. Likichomekwa gari, jengo zima litaoga kwa kikombe.

Mama Krimu akampigia mwenye nyumba, akamweleza kwamba yuko tayari kulipia mita yake mwenyewe, waya wake, fundi wake. Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti: “Tutaliangalia.”

“Hiyo ‘tutaliangalia’ nimeshaiangalia mpaka macho yananiuma,” anasema.

Nyumbani nako ushauri haujapungua. Mama mkwe, ambaye kazi yake siku za harusi ni kushika keki, alisema yake tangu siku ya kwanza: “Mwanangu, simu tu hiyo inazimika mkononi kila siku. Sembuse gari?” Mume alipigiwa akiwa njiani na lori lake. Alisikiliza habari yote, akakohoa, akasema, “Amua wewe, mke wangu. Nikiamua mimi utanilaumu.”

“Nilitaka kumrushia simu,” anasema Mama Krimu. “Ila yuko mbali, na simu ni yangu.”

Sasa, kwenye maegesho ya kinyozi, mashine inahesabu polepole. Yule kaka mwenye gari jeupe anatoka amenyolewa pande zote mbili, anawapita bila salamu. Mama Krimu anatazama saa, anatazama sanduku, anatazama tena saa. Kiyoyozi kikiwaka, chaji inaingia kwa kusitasita. Kikizimwa, krimu inaanza kutoa jasho. Mwishowe anachomoa waya kabla betri haijajaa. Harusi haimsubiri mtu.

Njiani hazungumzi. Gari halitoi sauti, na ukimya huo unamfanya mama mkwe anong'one bila sababu. Matuta yanapita. Keki inafika ukumbini imesimama wima, krimu haina hata mkunjo. Mama mkwe anateremka, ananyoosha mgongo, anasema kwa shingo upande, “Kwa kubeba, linabeba.”

Kwenye kioo cha gari, chaji imebaki asilimia arobaini. Nyumbani ni mbali, na kurudi kunataka karibu yote hiyo.

Kazi ya mpika keki haiishi keki inapowekwa mezani. Vinara vya kuisimamishia ni vyake, sinia ni zake, na hawezi kuondoka mpaka ikatwe. Kwa hiyo kila Jumamosi hukaa kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi, mlango wa jikoni, akisubiri hotuba za watu asiowajua. Baba wa bwana harusi akishika kipaza sauti, subira hiyo huwa ndefu.

Leo anakaa pale pale, akiwa amekunja uso, akilipigia gari hesabu za kulirudisha kwa dalali. Wapiga muziki wanaingiza vyombo. Mmoja wao anakuja na waya mnene begani, anamwomba radhi, anapita mbele yake, anazunguka tairi la gari la umeme, anachomeka kwenye soketi ya ukuta wa nje. Kando yake kuna soketi nyingine, tupu.

Mama Krimu anaitazama soketi ile kwa muda.

“Yaani nimeegesha kitu chenye njaa kando ya sahani,” anasema, “halafu nalia njaa.”

Meneja wa ukumbi, mwanamume mwenye rundo la funguo, anaitwa na kuombwa soketi hiyo.

“Umeme si maji ya mvua, mama.”

“Hata maji ya mvua siku hizi yana mwenyewe. Taja bei.”

Anataja. Mama Krimu anacheka kicheko kisicho na furaha. “Hiyo ni bei ya kukodi ukumbi, kaka yangu. Mimi nataka tundu mbili za ukutani.” Wanavutana mpaka wanafika kwenye bei ya vipande vitatu vya keki.

“Na kipande cha kweli juu yake,” meneja anaongeza.

“Keki hiyo si yangu tena. Muombe bi harusi.”

Gari linachomekwa. Mama mkwe, ambaye amekuwa akitazama yote hayo akiwa ameshika kiuno, anatikisa kichwa. “Kwa hiyo nalo litakuwa linakula harusini, kama wageni wengine.”

Baba wa bwana harusi anamshukuru kila mtu, kisha anakumbuka aliowasahau. Keki inapokatwa, chaji imepanda hadi asilimia sitini na kitu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, Mama Krimu anasema, hotuba ndefu imemfaa.

Usiku wa manane bado uko mbali, lakini kichwa chake tayari kinafanya kazi ya kesho. Siku za kazi haendi mbali. Duka la unga na mayai liko mtaa wa pili. Alhamisi asubuhi, wenye magari wakiwa makazini, mashine ile ya kinyozi hukaa bila mtu. Na Jumamosi yuko ukumbini saa nyingi, gari limesimama. Muda wote alikuwa akitafuta umeme pale anapolala, wakati anapokaa zaidi kusubiri ni pale anapopeleka keki.

Jumapili anapigia kumbi tano anazozipelekea keki. Mbili zinakubali. Moja inasema mpaka mwenyekiti aulizwe. Ya nne inataja bei “kama vile ananiuzia transfoma.” Ya tano haipokei simu.

Mchana anakwenda kwa dalali akiwa na fundi wa umeme wa magari, kijana mpole aliyevaa miwani. Dalali anasema betri ikijaa gari linakwenda kilomita mia moja na hamsini. Fundi anapima, anatabasamu.

“Hizo zilikuwa kilomita za ujana wake. Sasa hesabu mia. Ukiwasha kiyoyozi, usijidanganye, hesabu themanini.”

Dalali anajikuna shingo. “Lakini dada, fanya haraka. Kuna mteja mwingine anakuja saa kumi.”

“Mwulize anaishi ghorofa ya ngapi,” anasema Mama Krimu.

Dalali anacheka mwenyewe. Anakiri kwamba gari hilo limekaa yadini muda mrefu. Kila anayelipenda huenda nyumbani kuangalia ukuta wake, na harudi. Baada ya hapo bei inashuka, si kwa mbwembwe, ila inashuka. Gari la zamani litauzwa lisaidie kujazia akiba aliyonayo. Wanakubaliana alichukue Jumatatu, fundi akishamtafutia waya mnene usiopata moto.

Hana furaha ya mtu aliyeshinda. Mwenye nyumba hajatoa jibu kamili mpaka leo. Mashine ya pili bado imevaa mfuko. Ukumbi ulio mbali kuliko yote ndio usiopokea simu, na akipata oda ya huko, itabidi aende mwenyewe kubembeleza ukuta.

“Watu wanasema umeme ni rahisi,” anasema. “Labda kwa mwenye geti lake. Mimi kila kilomita nitaiombea.” Anapangusa krimu iliyobaki kwenye kucha. “Lakini kuomba nimezoea. Kumwangalia tena bi harusi akiuliza ‘ndiyo hii?’, hapana.”

Ndoto yake ni chumba cha chini chenye mlango wa kutokea barabarani, oveni mbili na mita yake mwenyewe, watoto wakichezea karibu naye badala ya kulindwa na jirani wa ghorofa ya pili. Anaipa miaka miwili. Mama mkwe anaipa mitatu, lakini anakubali kwamba itafika.

Simu inaita, ikiwa imebakiza chaji kidogo kama kawaida yake. Ni mteja mpya, harusi ya mwezi ujao. Mama Krimu anamtajia bei, ladha, na siku ya malipo ya kwanza.

“Sharti langu ni moja tu,” anamalizia. “Gari langu liegeshwe karibu na ukuta wenye soketi.”

Sauti ya binti upande wa pili inauliza kwa wasiwasi, “Samahani, dada, keki yako inatumia umeme?”

“Siku hizi, ndiyo.”