Jina Shingoni mwa Mtoto wa Watu

Mimi ni fundi cherehani wa Chemchem, mambo ya televisheni siyajui, na kama Kulwa asingenibembeleza nisingekanyaga Bukene mwaka huu. Kulwa ni jirani yangu kwa miaka ishirini, mpishi wa shughuli. Harusi, ubarikio, msiba, sufuria ni zake. Vijana wa Dar es Salaam walipokuja Tabora kutafuta mpishi na mshonaji wa kipindi chao, alinijia mbio, kanga begani.

"Shoga Asmahani, wiki moja tu. Wewe utashona, mimi nitapika, na Doto yuko hukohuko, atawatengenezea mabenchi."

Doto ni pacha wake, seremala wa Bukene. Nimewazoea. Kulwa akijinunulia kitenge, lazima Doto apate shati, maana cha mapacha hakiwi kimoja. Watu wana miaka hamsini na kitu lakini bado wanapimana kama wa chekechea. Nikakubali. Sikujua kwamba tunakwenda kufungiwa.

Kipindi kiliitwa Siku Saba za Vita. Watoto wanane wa shule za Dar waliletwa kwa treni waishi kama wale waliohamishwa kutoka Kagera mwaka sabini na nane. Simu zilichukuliwa stesheni. Wakavishwa nguo nilizowashonea, wakapewa magunia ya kulalia na uji usio na sukari. Kambi yenyewe ilikuwa ghala la zamani la pamba, limezungushiwa seng'enge, na mlinzi getini asiyejua utani. Tulikuwa tumetia saini sote, wakubwa kwa wadogo: hakuna kutoka kabla ya siku ya saba. Hata mimi niliyesahau dawa yangu ya presha nyumbani niliambiwa italetwa. Nikawatukana kimoyomoyo mpaka ilipoletwa.

Watoto, tusiwasingizie, walikuwa wazuri. Mmoja alinisalimia vizuri kabisa, shikamoo bibi, halafu akaniuliza nywila ya waifai. Kabinti mmoja wa miaka tisa, Mwanahawa, aliiona michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kuanikwa hadi vikauke kama vigae, akauliza kama ni chipsi za jana. Kulwa alicheka mpaka akakaa chini. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho wiki ile.

Siku ya pili mwongozaji wao, Abdulatifu, kijana wa watu mwenye vipokea sauti masikioni hata akila, aliwavika watoto vibao vya boksi shingoni. Kila kibao na jina.

"Haya si majina ya kubuni," alijisifu mbele ya kamera. "Tumeyatoa kwenye daftari lenyewe la wakati ule."

Mwanahawa akaja jikoni na bakuli lake. Kifuani kimeandikwa AGNETHA KASIMIRI, MIAKA 6. Nyuma yake kavulana kadogo kuliko wote: RENATUS KASIMIRI, MIAKA 4. Upawa ukamtoka Kulwa mkononi, ukaangukia uji. "Mayu, mama wee!" alisema, na nilidhani ameungua.

Nilimbana mchana huo, tukichambua maharage nyuma ya ghala. Mimi nikitaka kujua jambo huwa sina haya. Akaniambia akiwa ameinamia ungo.

"Agnetha ni mimi."

Alikuwa na miaka sita. Vita vilipoingia upande wa mpakani, baba yake, Kasimiri, aliyekwisha kufiwa na mke, aliwapandisha yeye na mdogo wake kwenye lori la padri, baba akabaki kutafuta ng'ombe. Meli mpaka Mwanza, treni mpaka Bukene. Njiani akamsikia mama mmoja akisema kwamba watoto watagawanywa, kila kaya itachukua mmoja, kwa kuwa chakula kilikuwa kidogo. Mama yuleyule akasema, ila mapacha, huku hawawatenganishi, ni mwiko. Agnetha alikuwa amedumaa kwa surua, Renatus mtoto wa mifupa mikubwa. Walilingana kimo. Walipoulizwa majina pale stesheni, akamshika mdogo wake mkono, badala ya majina akasema, "Sisi ni mapacha."

"Na meno?" nilimuuliza, maana mtoto wa miaka sita huwa kibogoyo mbele.

"Nikasema nimeanguka kwenye treni."

Mzee Masolwa na mkewe waliwachukua wote wawili, wakawaita Kulwa na Doto. Si kwa majina tu. Walichezewa ngoma ya mapacha, pombe ikapikwa, mbuzi wakachinjwa wawili. Mwaka ule mvua ikanyesha vizuri, kijiji kizima kikasema ni baraka ya wale mapacha. Mke wa Masolwa alipojifungua mwaka uliofuata, mtoto akaitwa Shija, kama aitwavyo anayewafuata mapacha. Uongo ukapata na mdogo wake. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya Kulwa imefika mwaka wa arobaini na sita.

"Vita vilipokwisha akaja bwana mmoja na daftari," alisema. "Akasimama stesheni, anasoma majina ya watoto wanaotafutwa na baba zao. Nilikuwa pale, nimemshika Doto. Akaita Agnetha Kasimiri. Asmahani, nilitamani kuitika mpaka kifua kikauma. Lakini mama Masolwa alikuwa pembeni yangu, na alishatuambia kwamba anayecheza na mambo ya mapacha huuletea ukoo mzima balaa. Nikanyamaza. Akaita mara tatu. Akaandika kitu, akaondoka."

"Na Doto?"

"Alikuwa mdogo, amesahau. Anajua tulitoka Kagera, basi. Nilimwambia wazazi walifia vitani." Akapeta ungo, ingawa maharage yalishakwisha kuchambuliwa. "Baba amekufa mwaka elfu mbili na tisa. Nilikwenda kimyakimya, nikaliona kaburi. Doto nilimuaga nakwenda kupika harusi Mwanza."

Nilimkasirikia, sifichi. Karibu miaka ishirini mtu mzima, baba yu hai, na nauli ipo! Halafu nikamtazama vile alivyojikunyata, nikaona nimemwonea, nikamshika bega.

Tangu hapo ikawa ni kuhesabu siku. Alimwomba Abdulatifu ambadilishie Mwanahawa jina, akasema linamletea mtoto nuksi. Abdulatifu akacheka kwa adabu. "Mama, tumesharekodi na vibao hivyo, haiwezekani." Akaongeza na jambo jingine, baya zaidi. Kwenye daftari, alisema, majina hayo mawili ya Kasimiri yana alama nyekundu: baba yao aliwatafuta, waliitwa, hawakupatikana. Siku ya saba kijiji kitaalikwa, majina yatasomwa, na yeye atawauliza wazee mbele ya kamera wale watoto wawili waliishia wapi.

Kulwa akamwendea mlinzi, eti anataka kwenda kanisani. Mlinzi akamwonyesha karatasi yenye saini yake mwenyewe. Na Doto, maskini, kila asubuhi alipoleta mbao getini alikuwa hana mazungumzo mengine.

"Kulwa, umesikia habari za wale wawili? Watoto wa watu wamepotea hapahapa kwetu! Nitauliza wazee wote. Sisi mapacha tuna bahati, tutawapata."

"Tutawapata," Kulwa alimjibu kwenye seng'enge.

Kazi moja aliyopewa mbele ya kamera ilikuwa kuwafundisha watoto kuitika kama zamani, wasichana abee, wavulana naam. Aliwafundisha kwa ukali mpaka nikaona haya. "Ukiitwa, itika papo hapo! Usingoje kuitwa mara mbili!" Yule mdogo wa kibao cha Renatus alishika somo kuliko wote. Ukitamka tu "Re", keshasema "Naam!" na kiguu kimeruka.

Siku ya saba, saa kumi jioni, uwanja wa ghala ulijaa. Seng'enge bado imefungwa, wanakijiji wameingizwa kwa orodha. Doto alikaa mbele, kavaa shati la kitenge kilekile alichovaa pacha wake. Kulwa alisimama mlangoni mwa jiko. Alikuwa ameniambia asubuhi kwamba jina litaitikiwa na mtoto, Abdulatifu atauliza swali lake, wazee watatikisa vichwa, na yeye atakuwa amepona. Asichojua ni kwamba Mwanahawa alikuwa ameiba michembe mikavu mifuko miwili, akaitafuna, akashushia maji vikombe vitatu. Kila mtoto wa Tabora anajua michembe mikavu ikikutana na maji tumboni inafanya nini. Wa Dar hawajui. Saa ile alikuwa chooni, analia.

Abdulatifu akafungua daftari. Majina sita yakaitwa, sita yakaitikiwa.

"Agnetha Kasimiri!"

Kimya.

"Agnetha Kasimiri!"

Abdulatifu akatupa macho huku na huku, kisha nikaona anaupenda ule ukimya, akawapungia watu wa kamera waendelee. Ni Doto aliyeuvunja. Alisema na jirani yake, lakini sauti yake ni ya mtu aliyezoea kushindana na kelele za msumeno:

"Hivi mtoto anaitwa na baba yake, asiitike? Alikuwa na moyo gani?"

Nilimwona Kulwa akiweka sufuria chini, polepole, asimwage.

"Agnetha Kasimiri!" Mara ya tatu.

"Abee," alisema Kulwa.

Watu wakacheka, wakadhani anamsaidia mtoto. Abdulatifu akasema, "Mama, tafadhali, rudi jikoni." Hakurudi. Alivuka uwanja mpaka kwenye benchi la mbele, akasimama mbele ya Doto.

"Agnetha ni mimi, Doto. Sisi si mapacha. Nimekuzidi miaka miwili. Baba hakufia vitani, alirudi, akatutafuta. Bwana alisimama stesheni na daftari hilohilo, akatuita."

Doto alimtazama kama anayepima ubao uliopinda.

"Na mimi niliitwa?"

"Uliitwa."

"Sikuitika?"

"Ulitaka kuitika." Kulwa alikuwa analia sasa, machozi na kamasi, mbele ya kijiji kizima na kamera tatu. "Nilikuziba mdomo."

Shija, mdogo wao, alijifunika uso kwa kanga. Doto akainuka, mtu mzima wa miaka hamsini, akashusha mikono kama mtoto aliyepangwa mstari.

"Kijana," alimwambia Abdulatifu, "soma jina linalofuata."

Abdulatifu alikuwa amechanganyikiwa, akatazama chini, akasoma.

"Renatus Kasimiri!"

Doto alifungua mdomo.

"Naam!" akaitika yule mtoto wa kibao, papo hapo, kama alivyofundishwa, na kamera zote zikamgeukia.