Tulivyompeleka Walter kwa Mama Yake

Walter alikaa ndani ya kabati la nguo miaka thelathini kabla hatujapata pa kumpeleka. Nasema Walter, lakini ni majivu yake, kwenye sanduku la mbao lisilozidi boksi la viatu, juu ya shuka za wageni. Binti yake Joyce ndiye mzee ninayemtunza hapa Lewisham, kusini mwa London. Asubuhi nne kwa wiki namsaidia kuoga, nampa dawa, nampikia uji, tunabishana. Siku aliyonituma shuka ndipo nilipolikuta sanduku, nikauliza ni la nini.

“Huyo ni baba,” akasema, kama mtu anayetambulisha mgeni sebuleni.

Ndugu zangu wa Wundanyi mtakaosoma haya, msishike vichwa. Mimi nilishika changu kwanza, kisha nikakumbuka kwamba wazee wetu Wataita wa zamani walifukua mafuvu ya wazee wao na kuyapanga pangoni ili wakae na wenzao. Sina mdomo wa kumcheka mtu. Walter alikosa pango tu.

Kabla ya kufa alimwambia Joyce neno moja: “Niweke kwa mama.” Basi. Hakusema mama yuko wapi. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kunyamaza. Joyce alichojua ni kwamba bibi yake aliitwa Hannah Garrod, na kwamba walikuwa watu wa mashambani, kule Suffolk. Ndugu pekee aliyewahi kumwona ni Shangazi Edith, dada mkubwa wa Walter, aliyekuja kila Krismasi, akakaa kwenye kiti kigumu karibu na mlango na kuondoka kabla ya giza.

Sasa Joyce ana miaka themanini na miwili. Hana mume wala mtoto, na mwezi wa kumi anahamia kwenye nyumba ya wazee, chumba kimoja. “Nikifa naye yuko kabatini,” aliniambia, “watakaokuja kusafisha watamtia kwenye pipa.” Alisema kwa utani, lakini jicho lilikuwa kwenye lile kabati. Nikamwambia tutamtafuta huyo mama.

Jumamosi zilizofuata zote tulikuwa maktaba. Huku sensa za zamani hufungiwa karibu miaka mia moja, kisha hufunguliwa, na kila mtu anaweza kuona nyumbani kwa babu yake walilala nani usiku wa kuhesabiwa. Unaandika jina kwenye kompyuta, karatasi ya zamani inatokea. Mara ya kwanza nilipomwona George Garrod, kibarua wa shamba, na mkewe Hannah, na watoto wao, na Walter wa mwaka mmoja chini kabisa, nilipiga kelele hadi msimamizi akaniangalia juu ya miwani.

Halafu nikaharibu. Nyumbani kwa kina Garrod alikuwamo mwanamume aitwaye Frederick, jina la ukoo jingine kabisa. Mtu wa huku angeshtuka. Mimi sikushtuka. Kwetu ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja hubeba majina matatu ya mwisho, kila mmoja la babu aliyemrithi jina, na hakuna anayeuliza. Nikaamua huyu ni kaka yake Hannah, mjomba wetu, na kijiji alikozaliwa ndiko kwenye asili ya ukoo. Jumamosi tatu tukamfuata Frederick. Tulimpata babu yake, tukampata mpaka bibi yake aliyekuwa mfuma lesi. Joyce alishaanza kusema pua yake imetoka upande huo.

Jumamosi ya tatu akavaa miwani nzuri, akasoma safu ambayo mimi nilikuwa nikiiruka, ile ya uhusiano na mwenye nyumba.

“Mpenzi wangu,” akasema, “huyu ni mpangaji.”

Tulicheka hadi tukaombwa tutoke. Huku London kila mtu ni mpenzi wangu, hata dereva wa basi, lakini siku hiyo nililipokea jina kwa aibu.

Tuliporudi, nikaapa kusoma kila safu. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikumwambia Joyce. Alikuwa ameenda msalani. Karatasi ile George aliijaza kwa mkono wake mwenyewe, na safu moja iliuliza mke amezaa watoto wangapi katika ndoa hii. George aliandika saba. Nikahesabu majina ya watoto wote katika sensa zote nilizokuwa nimezikusanya. Nane. Hannah alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kati ya Walter na mtoto aliyemtangulia kulikuwa na pengo la miaka kumi na moja. Edith, binti mkubwa, alikuwa na miaka kumi na tisa. Sensa iliyofuata, Edith hayupo tena kijijini. Yuko London, mtumishi wa ndani kwenye nyumba ya watu, na Walter anakua kwa Hannah, ameandikwa mwana. Mzee George alidanganya kwenye safu moja, akasahau kudanganya kwenye nyingine.

Sikuhitaji mtu wa kunielezea. Mimi nililelewa na bibi yangu. Nilimwita Mama. Aliyenizaa, Saru, alinipata akiwa shule, akaenda Mombasa kufanya kazi za nyumbani, na kwa kuwa watoto wote wa pale nyumbani walimwita Dada, nami nikamwita Dada. Nilijua ukweli nikiwa na miaka tisa. Mama, yule bibi, alishafariki. Saru yuko Voi, ana duka la nguo, na mpaka leo namwita Dada. Nikaifunga kompyuta kabla Joyce hajarudi.

Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, tukaondoka Lewisham. Kanisa la Marlsham, kile kijiji cha kina Garrod kwenye sensa, lilikuwa limekubali majivu yazikwe kwenye kaburi la Hannah, na kasisi, mwenye makanisa sita ya kuzungukia, alitupa saa nane mchana. Joyce alivaa koti la kijani na kofia. Walter alisafiri kwenye mfuko wa ununuzi, katikati ya mkate wa mayai na themosi. Nilitaka nimpakate. Joyce akakataa: “Baba hakupenda kubebwa.”

Saa mbili na robo tulishuka kituo cha London Bridge, tukapanda basi hadi Liverpool Street. Watu wa London asubuhi hawamwoni mtu, lakini fimbo ya Joyce waliiona, wakatupisha. Kwenye treni ya Ipswich alikaa dirishani, akaanza kunitajia mimea: shayiri ile, viazi vya kutengenezea sukari vile. Sikujua kwamba anajua kilimo. Akasema hata yeye hakujua. Baba yake alikuwa akimwonyesha kila walipopita shamba. Mimi nilikuwa na karatasi ya George kwenye mkoba, nikijiambia nitamwambia Ipswich. Ipswich tukabadilisha treni, nikajiambia nitamwambia tukifika.

Saa tano na nusu, teksi ikatushusha Marlsham. Tambarare tupu! Sisi watu wa milimani mahali pa hivi hututisha. Hakuna pa kuegemeza macho. Kanisa la mawe, nyumba kama ishirini, kunguru. Mama mmoja aitwaye Pauline, anayetunza kanisa, alitupokea akiwa na buti za mpira miguuni na chai ambayo haikuwa na sukari wala huruma.

“Garrod wamejaa upande ule,” akasema. “Nimeshachimba. Nimeweka ubao juu, paka asiingie.”

Kaburi la Hannah lilikuwa na jiwe zuri, limeinama kidogo. Joyce aliweka kiganja juu yake, akasimama hivyo muda mrefu. Kisha akatembea polepole kusoma mawe mengine, nami nikimfuata. Karibu na ukuta, mbali na wenzake, tukamkuta Edith. Jiwe dogo, jina na miaka, hakuna zaidi.

“Loo, Shangazi Edith,” akasema Joyce. “Mwanamke wa ajabu. Kila Krismasi ananiletea soksi, kila Krismasi anamwangalia baba anavyokula, kama hajawahi kuona mtu akila. Mama yangu alikuwa hampendi. Mimi pia sikumpenda, niseme ukweli.”

Nilishindwa. Nikamwambia akae kwenye benchi, nikatoa karatasi, nikamwonyesha safu. Nilihesabu naye majina kwa kidole, moja hadi nane. Alielewa Edith alikuwa nani kwa baba yake kabla sijafika tano.

Hakulia. Alitazama jiwe lile dogo, akasema, “Soksi. Zilikuwa za kufumwa kwa mkono.” Kisha ndipo akalia.

Pauline alikuwa amesimama na sepetu, hajui aende au akae. Joyce akajipangusa, akauliza swali ambalo nililiogopa tangu maktaba.

“Alisema nimweke kwa mama. Mama yupi? Alijua?”

“Sijui,” nikasema. “Sensa haisemi alichojua mtoto.”

“Wewe ungetaka nani?”

Nikamweleza habari za Mama na Saru. Miaka minne namwogesha, hakuwa akizijua. Nikamwambia mimi ningetaka kwa Mama, yule aliyenilea, na nisingeomba msamaha. Lakini nikamwambia pia kwamba Saru, kila alipokuja likizo kutoka Mombasa, aliniletea viatu, na kila mara vilikuwa vikubwa kwangu kidogo, kwa sababu alikuwa akinunulia mguu wa mtoto ambaye hajamwona tangu mwaka jana, akikisia. Na aliponivalisha aliniangalia mguu vile vile Edith alivyomwangalia Walter akila. Nilikuwa sijawahi kuyasema hayo kwa sauti. 

Joyce akafungua mfuko, akatoa themosi, akamwaga chai yote kwenye majani, akakipangusa kifuniko chake, kile kinachotumika kama kikombe, kwa leso safi.

“Pauline,” akasema, “sheria ya kanisa inasemaje kuhusu kumgawa mtu?”

“Inasema hagawiki,” Pauline akajibu. Akatazama saa yake, akatazama ukuta. “Kasisi anafika saa nane. Mimi naenda kuchemsha maji. Birika langu ni la zamani, linachukua dakika ishirini.” Akaiacha sepetu yake imeegemea benchi, akaenda zake bila kugeuka.

Nikachimba. Udongo wa pale ni mwepesi, mweusi, ungetamani kuupanda mahindi. Joyce alipiga magoti, jambo ambalo nyumbani nimemkataza, akatoa kikombe kimoja kilichojaa. Majivu si kama ya jikoni, ni ya chengachenga na mazito kidogo. Akayamimina kwa Edith taratibu.

“Haya, bibi,” akamwambia. “Huyu hapa. Samahani kwa habari ya kile kiti kigumu cha mlangoni.”

Nikafukia, nikarudisha majani juu, nikayakanyaga kwa upole. Saa nane kasisi alikuja mbio na baiskeli, akasoma sala nzuri juu ya kaburi la Hannah, na Walter akaingia kwa mama yake mbele ya mashahidi. Pauline alisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Wakati wa kuagana alinishika mkono, akaniambia yule wa ukutani atampelekea maua kila Krismasi, yeye mwenyewe, bila kuombwa na mtu.

Saa kumi jioni tulikuwa ndani ya treni, mfuko usio na Walter katikati yetu. Kuna hesabu moja tuliyoikosea: chai ilikuwa imemwagwa, na kikombe hakuna aliyethubutu kukigusa. Tulikula mkate mkavu hadi Liverpool Street. Joyce alilala kuanzia Ipswich, kofia imemteremkia usoni, na nilipomwamsha akauliza kama tumemsahau baba. Kisha akakumbuka, akatabasamu hadi Lewisham.

Mmeniuliza mara nyingi London kuna nini cha kujifunza. Mimi nimejifunza kwamba karatasi ya sensa hubeba wanachokiandika wenye nyumba, nao huandika wanachoweza kukiishi. Ukitaka yaliyobaki, hesabu majina. Wala sioni kwamba George na Hannah walikosea. Walimpa mtoto mama, na binti yao wakampa mlango wa kurudia kila mwaka. Kwetu ilikuwa vile vile, na nilikua vizuri.

Nilipofika kwangu nilimpigia Saru. Tunaongea kila Jumapili, hivyo simu ya Jumanne ilimtisha. Nikamwambia hakuna mgonjwa. Akauliza swali lake la siku zote: umekula?

“Nimekula, Mama,” nikasema.

Nikasikia akivuta kiti. Akaketi.

“Sema tena,” akasema. “Mtandao unasumbua.”

Mtandao ulikuwa mzuri. Nilikuwa nikiisikia hadi redio ya jirani yake. Nikasema tena.