Hewa ya Chumba cha Pampu

Nimekulia Didia, ambako maji makubwa kuliko yote ni lambo la kunyweshea ng'ombe. Nilipomaliza mafunzo ya ubaharia Dar es Salaam na kuajiriwa kwenye meli ya mafuta ghafi, mama aliogopa jambo moja tu, kuzama. Nilimwambia meli kubwa kama ile haizami ovyo. Sikumwambia kwamba sisi wa meli za mafuta tuna mambo mengine ya kuogopa kabla ya maji. Tunaogopa cheche, ndiyo maana hakuna anayekwenda sitahani na simu mfukoni. Tunaogopa meli kugongwa, mafuta yakamwagika, tukawaharibia bahari watu wa pwani tusiowajua. Na tunaogopa hewa. Mafuta ghafi hutoa gesi inayonuka kama yai viza. Ikizidi, pua huacha kuisikia, na mtu huanguka kabla hajajua kitu.

Siku hiyo tulikuwa safarini na shehena kamili, asubuhi, bahari imetulia. Fundi wetu wa pampu, Mfilipino mcheshi ambaye chumba chake kilipakana na changu, aliteremka chumba cha pampu kutazama bomba lililoanza kuvuja. Chumba hicho kiko chini kabisa ya meli, unakifikia kwa ngazi za chuma. Mimi na baharia mwenzangu, Mhindi, tulibaki mlangoni juu tukizungumza naye kwa redio. Akasema amefika. Kisha redio ikanyamaza. Nilipoinama nilimwona amelala kifudifudi chini, kofia yake imebingirika pembeni.

Mhindi alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Aliishika ngazi akaanza kushuka. Mimi nami mguu mmoja ulishaingia. Hapo ndipo maneno ya kaka yangu yaliponijia.

Kaka ni mchimbaji wa dhahabu Masumbwe. Likizo moja kabla ya hapo, tukiwa tunakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, alinisimulia jinsi mwenzao alivyoangushwa na hewa mbaya ndani ya duara, yale mashimo marefu wanayoshuka kwa kamba. Ndugu yake wa tumbo moja akamfuata kumwokoa. Walitolewa wote wawili, maiti. Kaka alikuwa pale juu akiwaona.

"Mtu akianguka shimoni na hakuna kilichomgonga," aliniambia, "ujue ni hewa. Ukimfuata mikono mitupu, umeongeza maiti."

Mafunzo ya melini yalisema hivyohivyo, na mazoezi tulifanya mara kwa mara. Lakini rafiki akiwa amelala mbele ya macho yako, mazoezi hukimbia. Maneno ya kaka hayakukimbia. Nilimkamata Mhindi ukosi wa ovaroli nikamvuta juu. Alinipiga kiwiko cha mdomo, akasema nimwache, mwenzetu anakufa. Nikamwambia tutamtoa, lakini si hivi, na sikumwachia. Kwa mkono mwingine nilibonyeza kengele ya hatari.

Wenzetu walifika mbio na vinyago vya kupumulia na mitungi ya hewa. Wawili wakashuka, wakamfunga mkanda kifuani, nasi tukavuta kamba kutoka juu. Alitoka midomo imegeuka rangi. Wakamlaza sitahani, wakampa oksijeni. Nilipiga magoti nikamwomba Mungu kwa Kisukuma, lugha ambayo hakuna mwingine pale aliyeijua. Tulimtazama tu. Kisha akakohoa. Mhindi akakaa chini akalia, halafu akanifuta damu mdomoni kwa mkono wa nguo yake. Mgonjwa tulimshusha bandari iliyofuata, akatibiwa akapona.

Mkataba ulipoisha nilikwenda nyumbani kumsalimu mama, kisha nikapanda gari hadi Masumbwe. Nilimpa kaka shikamoo, nikamweleza yote, nikamshukuru. Akasema shukrani hizo si zake, na kesho yake akanipeleka kijiji cha jirani, kwa mama wa wale ndugu wawili.

Tulimkuta uani akimenya karanga. Njia nzima nilikuwa na hofu kwamba tunakwenda kutonesha kidonda. Kaka alimsimulia kwa Kisukuma, polepole, bila kuruka kifo cha wanawe. Mama yule hakuacha kumenya hadi kaka alipomaliza. Ndipo akanigeukia.

"Huyo aliyepona, mama yake yupo?"

"Yupo, mama."

"Mpelekee salamu zangu. Mwambie nimefurahi kwamba yeye amerudishiwa wake."

Nilitoa simu, nikamwandikia fundi wa pampu palepale, nikamweleza nipo kwa nani na ameniagiza nini. Tukaletewa chai. Kabla hatujaimaliza, ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa fundi, lakini aliyesema ni mama yake, akizungumza lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeielewa, mara anacheka, mara sauti inakatika kwa kilio. Nilisogea nikaiweka simu karibu na sikio la mama yule. Alisikiliza hadi mwisho, macho yake chini.

"Wabeja," akasema, ndiyo asante ya kwetu, kisha akaniomba niirudie sauti ile.