Pambizo za Kitabu cha Maskati

Nilikwenda Maskati mwishoni mwa mwaka 1970 kutafuta kitabu, na ndani ya kitabu nilikuwa namtafuta baba. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipoanza, mwaka 1914, alichukuliwa kutoka kwetu Tanga kuwa mpiga tarumbeta katika kombania moja ya askari wa Kijerumani. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, dada yangu Mwanaidi tisa. Hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari kwamba amekufa. Mama hakukaa eda mpaka akatangulia mbele ya haki, kwa sababu eda hukaa mjane, na yeye hakujiona mjane. Dada akaurithi msimamo huo. Kila nilipomwambia tumsomee mzee khitma, alinijibu, "Simsomei mtu aliye safarini."

Basi nikawa mkusanyaji wa historia za vikosi vya Kijerumani. Kijerumani nilijifunza kwa mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge niliyemfanyia ukarani kabla sijawa mwalimu. Walowezi walipofunga mizigo kurudi kwao, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza mlangoni kuulizia vitabu. Nilipata kumi na kimoja, na vyote nilivikagua bila huruma. Mimi huanzia nyuma, kwenye orodha ya waliokufa. Maofisa wana majina, vyeo na miji waliyozaliwa. Askari wetu wana tarakimu. Kisha hutazama kama mwandishi anaitaja njaa. Kitabu ambamo kikosi kinashinda kila pigano, na bado kila sura kinazidi kurudi nyuma, hukitia chini kabisa ya rafu. Na kitabu kilichochorwachorwa na wasomaji sikuwa nikikitaka hata cha bure.

Nikiwa Tanga, jamaa mmoja mwenye ndugu Maskati aliniambia kwamba huko yuko Mzanzibari, Bwana Khalfan, aliyetoka Unguja mwaka 1964 na sanduku moja, na sandukuni mlikuwa na historia ya kombania ile ile ya baba. Kitabu hicho nilikuwa nimekitafuta miaka ishirini. Nikamwandikia barua ya kurasa nne. Najijua nilivyo: nilimweleza mpaka aina ya karatasi niipendayo, na kwamba maandishi ya wino pambizoni hukishusha kitabu hadhi. Yeye akanijibu mistari miwili. "Kitabu kipo. Njoo ule chakula chetu, ukichukue."

Siku ya kuondoka dada alinifungia visheti kwenye kitambaa, akanisindikiza mpaka penye basi la Mombasa. Mwanamke huyu si wa kulia hadharani. Aliniambia tu, "Ukimkuta, mwambie hatujahama."

Kutoka Mombasa nilipanda meli ya Bombay, na Bombay nikangoja siku nne kupata meli ya Ghuba. Sikukaa bure. Katika maduka ya vitabu vikuukuu nilipata historia ya kikosi kimoja cha wapanda farasi, picha nzuri, uongo mwingi, nikamrudishia mwenyewe. Visheti vilikuwa vimekwisha tangu siku ya pili ya safari, nikabaki na kitambaa cha dada.

Matrah, bandari ya Maskati, tulifika asubuhi. Gati lilikuwa bado linajengwa, kwa hiyo meli ilitia nanga mbali, nasi tukateremshwa kwa mashua. Milima ya mawe matupu imeusukuma mji mpaka ukingoni mwa maji, na joto linatoka pande zote, juu na chini. Bwana Khalfan alikuwa amesimama pwani katika kanzu iliyopigwa pasi, mtu mrefu wa makamo, akiita kwa sauti ya barazani, "Mwalimu wa Tanga! Mwalimu wa vitabu!" Alikuwa amepata kazi ya ukarani serikalini tangu sultani mpya aliposhika nchi mwaka ule, na alitembea kama mtu aliyepewa kiti baada ya kusimama sana.

Nyumbani kwake, mtaa wa Darsait, mkewe, Bi Zuweina, alitutandikia mkeka, akaleta halwa na kahawa. Nilijua adabu: kitabu hakiulizwi kabla ya chakula. Badala yake nikaulizwa mimi.

"Mwalimu, Unguja umepita?" akauliza Bi Zuweina. "Mtaani kwetu Malindi, pale kwenye kona, yule muuza mkate yupo bado?"

"Sijavuka kwenda Unguja miaka saba, dada."

"Lakini Tanga si karibu? Hamsikii habari?"

Nikasema husikia kidogo. Alinitazama mdomo kana kwamba yule muuza mkate angetokea humo. Ningependa ningekuwa na cha kumpa.

Baada ya chakula Bwana Khalfan alileta kitabu kimefungwa kitambaa cheupe. Kilikuwa na jalada jipya la ngozi nyekundu, na kingo zake zilikuwa zimekatwa zikalingana. "Safi sana," nikasema, na mwenyeji wangu akatabasamu kwa furaha. Nikaanzia nyuma kama kawaida yangu. Maofisa, majina. Askari, tarakimu. Nikasoma sura mbili tatu: ushindi, ushindi, mto, ushindi. Kilikuwa kitabu kibaya.

Nikamwuliza, kwa adabu tu, kilivyofika mikononi mwake.

"Babaangu alikuwa karani wa kombania hiyo," akasema. "Mzungu aliyekiandika alimletea baada ya vita. Mie Kijerumani sikijui, lakini utotoni nikikisoma kila siku. Nikisoma pambizo. Baba aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Kila aliyekufa, alimwandika kwenye ukurasa wa pale alipofia."

"Yako wapi maandishi hayo?"

Akanitazama asielewe. "Si umeniandikia mwenyewe, Mwalimu? Kwamba yanakishusha kitabu hadhi? Nimempelekea fundi wa Matrah, yule anayejalidi madaftari ya wafanyabiashara, akayakata yote. Nisingekupa mgeni kitu kichafu."

Nikapitisha kidole kwenye kingo zilizokatwa. Bi Zuweina alielewa kabla ya mumewe, akaondoa sinia polepole.

Asubuhi yake tulikwenda kwa fundi. Alitwambia mabaki ya karatasi huwashia moto wa kuchemshia gundi. Bwana Khalfan alisimama dukani mle akijipiga paja kwa kiganja, akirudia "La haula." Nikamwambia kosa ni langu, na kweli lilikuwa langu, kisha kwa mara ya kwanza nikamweleza habari ya baba.

Siku ya tatu Bwana Khalfan alinichukua kwa miguu mpaka Sidab, kijiji cha wavuvi. Tukakaa kwenye kivuli cha ukuta, kitabu mapajani mwake, naye akawa anafungua kurasa zilizokatwa na kunisomea kwa kumbukumbu. Hapa walikula mizizi. Hapa wapagazi wawili walitoroka, na baba yake akawaombea dua wafike kwao. Penye picha ya mto akaweka kidole.

"Hapa aliandika: 'Leo tumemzika mpiga tarumbeta wetu, mtu wa Tanga. Homa, na mvua haikatiki. Kila Alhamisi alinyoa ndevu kwa mafuta bila ya maji, akisema huenda kesho tukapewa ruhusa ya kwenda kwetu.' Jina lilikuwepo. Silikumbuki, Mwalimu."

Mkaguzi aliye ndani yangu akaamka. Nikasema Waislamu wengi hunyoa Alhamisi, na Watanga walikuwa wengi. Nikasema labda ananihurumia.

Hakukasirika. "Mdogo wangu alibaki Unguja," akasema. "Nnamwandikia tangu siku zile, hajibu. Mie pia nna mtu nisiyejua nimweke kwa walio hai au kwa maiti. Mtu kama mie hakutungii habari kukufurahisha."

Nikaaga siku ya sita. Kitabu nilimwachia, kilikuwa cha baba yake. Melini nilikuwa na muda mwingi wa kujikagua mwenyewe, na sikupenda nilichokiona. Miaka yote ile, kila kitabu nilichokitia kasoro kilikuwa kimemwacha baba hai. Ukali wangu wote ulikuwa woga. Mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, nilimtamani baba arudi, sawasawa na vile Bi Zuweina alivyomtamani muuza mkate wake.

Tanga nilimkuta dada uani anapepeta mchele. Sikumwambia kitu. Nikamwuliza kama jambo la kupitisha wakati, "Baba alikuwa akinyoa siku gani?"

"Alhamisi," akajibu bila kuinua kichwa. "Mimi nikimshikia kioo."

"Kwa sabuni gani?"

"Sabuni ya nini? Maji hakutaka hata kuyaona. Mafuta ya nazi tu, kioo chote kikanitelezea mko..."

Akaacha kupepeta. Akainua kichwa.

"Amefia wapi?"

Nikamwambia. Mtoni, kwa homa, wakati wa mvua, na kwamba wenzake walimzika. Aliuliza kama aliyemzika alikuwa Mwislamu. Nikasema alikuwemo karani mmoja, Mwislamu, aliyejua kumsomea dua. Akauweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akaivuta mpaka usoni, na hapo ndipo nilipomwona dada yangu akilia kwa mara ya kwanza.

Alipomaliza, sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Nenda msikitini," akasema. "Waambie tumefiwa."