Magunia ya Mama Somoe Kando ya Barabara

Ilikuwa mwaka tisini na mbili. Hapana, nasema uongo, ilikuwa tisini na tatu, maana mwaka uliotangulia sisi wa Mnyambe tulikuwa bado tunangoja lori la ushirika, wala hatukujua habari za wanunuzi binafsi.

Mama Somoe alikuwa mjane. Korosho zake zote za msimu zilikuwa kwenye magunia, zimerundikwa kando ya barabara, na mawingu yameanza kujikusanya upande wa Ruvuma. Zikilowa, wanawe watakula nini?

Mnunuzi alikuwa Mahmudu wa Masasi, Baba Fakihi, mwenye lori lake. Siku mbili kabla ya siku ninayoisimulia, alipita akachungulia tu dirishani mwa lori.

"Mzigo mdogo huu, mama. Nitachoma mafuta bure."

Akaenda zake.

Mimi nilikuwa njiani kwenda Newala, siku hizo natembea sana, nikasimama kuomba maji. Mama Somoe akanipa, kisha akasema, "Kaka, nishikie huku." Tukaanza kuyapanga magunia, safu kwa safu, kila moja limesimama peke yake, na nafasi katikati.

Jirani yake Bwanali alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Somoe, umeyafungulia shule? Yaite majina basi!"

"Nilipouza nyanya Tandahimba," akamjibu, "nikizirundika watu wanapita. Nikizipanga, wanasema leo umeleta nyingi. Cheka, lakini beba."

Bwanali akabeba.

Lori likaja, breki zikalia. Mahmudu akaruka chini. "Enhe! Sasa huu ndio mzigo. Shusheni mizani!"

Vibarua wakapima, wakapakia. Gunia la mwisho lilipopanda, Mahmudu akatazama ndani ya lori, akatazama barabara tupu.

"Mengine yako wapi?"

"Mengine yapi, Baba Fakihi? Ni yale yale uliyoyakimbia juzi."

Vibarua wakaangua kicheko, mwisho na yeye akacheka. Turubai lilipofungwa tu, mvua ikashuka. Mama Somoe hakukimbilia ndani. Alisimama pale pale akilowa, akapiga vigelegele mpaka wanawake wa nyumba za jirani wakapokea bila kujua kuna nini.

Nikamfuata Mahmudu dirishani, nikamuuliza, naye akawasha gari akaenda zake. Nimemuuliza hata mwalimu mmoja pale Masasi, akaniagizia chai tu. Yale magunia ya ziada, ambayo mtu mzima aliyaona kwa macho yake, aliyaona wapi?